Siku Ngave Alipokimbia Nawe

Bunia, Jumamosi mchana

Kavira mwanangu,

Umekwenda Mudzipela kumuaga shangazi yako, na hapa nyumbani nimebaki mimi na inzi. Nimekaa jikoni kwa sababu ndipo penye kivuli saa hizi. Naandika haraka kabla hujarudi, maana nikianza kukuambia haya kwa mdomo nitalia, nawe utacheka ili usilie, na mwishowe tutapika tu bila kusema chochote.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutolala kwenye nyumba ya mtu usiyemjua, sitayaandika. Dada yako ameyasema yote tangu juzi. Mimi nataka kukuambia kitu kimoja, kwamba naogopa.

Naogopa ile barabara ya Mongbwalu na malori yake. Naogopa askari wanaosimamisha magari. Naogopa wale wanaume wa mashimo ya dhahabu unaokwenda kuwahudumia, watu walioona wenzao wakifukiwa na udongo, na tangu siku hiyo hawalali wala hawasemi. Daktari wa huko ameomba mtu wa kufanya nao kazi ya nyimbo kama tunavyofanya hapa hospitalini, na mtu huyo ni weye, mtoto wangu wa mwisho. Lakini zaidi ya yote naogopa kiangazi. Unaondoka wakati majani yote yamekauka na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nami nakumbuka ulivyokuwa kiangazi kilichopita.

Sijui kama unakumbuka. Ulirudi kutoka hospitalini jua likiwa kichwani, likembe yako, kile kinanda cha vidole gumba, ikiwa kwapani, vyuma vyake vimeshika moto hata hukuweza kuvigusa. Ukajitupa kwenye mkeka.

“Mama, tangu juzi hakuna mugonjwa mwenye alikuja,” ulisema. “Wote wanalala inje kwenye kivuli. Leo niliimbia ukuta.”

Nikakuambia unywe maji.

“Siyo maji, mama. Mi sioni tena sababu.”

Nilikwenda kuangalia maharage jikoni, nayo yalikuwa hayahitaji kuangaliwa. Jibu nilikuwa nalo, lakini ndani ya jibu hilo umo weye mwenyewe, na baba yako aliniomba nisikusimulie mpaka utakapokuwa mtu mzima. Sasa mtu mzima anakwenda Mongbwalu kesho, na baba yako hayupo tena wa kunikataza. Basi sikia.

Nilianza kazi hii ukiwa tumboni. Nilikuwa naongoza kwaya ya akina mama kanisani, na Sista Agata, yule muuguzi Mzungu unayemwona kwenye picha ya ukutani, akaja kuniomba nimsaidie. Alikuwa amesomea kwao namna ya kutibu watu kwa muziki. Kulikuwa na jina refu la Kifaransa kwa jambo hilo, siye tukasema tu kazi ya nyimbo. Alipewa chumba kile kile unachokijua, mwisho kabisa wa hospitali, chenye mikeka, ngoma mbili na kibuyu cha mbegu. Walioletwa humo walikuwa zaidi watu walioharibika wakati wa uasi. Miaka mingi ilikuwa imepita, vita vimekwisha, lakini ndani yao havijakwisha.

Niliwaogopa, Kavira. Usidhani mama yako alizaliwa na moyo wa kazi hii. Asubuhi ya kwanza nilikaa karibu na mlango, viatu vikiwa miguuni, tayari kukimbia.

Mmoja wao aliitwa Ngave. Kaka yake ndiye aliyemleta, kutoka upande wa Djugu, na maelezo yake yalikuwa mafupi: “Wakati wa vita alikimbia na mutoto mugongoni. Alifika bila mutoto.” Hakusema zaidi, na Ngave mwenyewe alikuwa hasemi kitu kabisa. Alikaa pembeni, miguu imenyooshwa mbele, anatazama mikono yake.

Kila asubuhi tulianza na wimbo wa majina. Unaujua, mpaka leo ndio tunaoanza nao. Naita kwa wimbo jina la mtu, na mwenyewe anajibu, “Iko hapa.” Asiyeweza kujibu, wengine wanamjibia, “Iko hapa.” Ni hivyo tu. Ngave tulikuwa tunamjibia sisi, siku zote.

Halafu ukazaliwa. Sikuwa na mtu wa kukuacha naye, nikawa nakuja nawe. Ulipoanza kutambaa ulimwendea Ngave moja kwa moja, sijui kwa nini, ukapanda juu ya miguu yake. Nilishtuka, nikataka kukuchukua. Sista Agata akanishika mkono. Ngave alikuwa amekuwekea kiganja mgongoni ili usianguke. Tangu siku hiyo mahali pako palikuwa pale. Ulipoanza kusema, moja ya maneno yako ya kwanza lilikuwa jibu la wimbo ule. Nikiita “Kavira?” unapaza sauti, “Iko apa!” Wagonjwa wote walikuwa wanakungoja useme hivyo. Hata wale wasiocheka walikuwa wanageuza kichwa.

Kikaja kiangazi kimoja, ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Jua lilikuwa kali, mabomba ya hospitali yamekauka, na wagonjwa wameacha kuja chumbani. Nami nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Sista Agata kwamba mwisho wa mwezi naacha, nakwenda kumsaidia baba yako na cherehani yake sokoni. Asubuhi moja alikuja Ngave peke yake. Wimbo wa majina ulikwisha kabla haujaanza, watu watatu tu, nawe ukiwa mmoja wao. Ngoma ilikuwa imekakamaa kwa joto, ngozi ilikuwa karibu kupasuka. Nikasema niende kwenye kisima cha jikoni, nilete maji ya kuilowesha na ya kunywa. Ulikuwa umelala kwenye mapaja ya Ngave. Nikakuacha.

Kisimani kulikuwa na foleni. Nikiwa pale, ngoma zikaanza ng'ambo ya barabara. Vijana wa chama walikuwa wakifanya mazoezi ya animasyo, zile nyimbo na michezo ya kumsifu mkubwa, kwa sababu mgeni wa serikali alikuwa anatazamiwa. Ngoma kubwa, filimbi, vijana wengi wakipiga kelele kwa pamoja. Sisemi zaidi kuhusu hilo, barua hii itapita mbele ya askari wa barabarani. Mimi nilifikiri tu kwamba leo hatutapata utulivu. Sikufikiri jinsi ngoma na kelele za vijana zinavyosikika masikioni mwa mtu kama Ngave. Nilipaswa kufikiri, ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kuifanya.

Niliporudi na ndoo, mkeka ulikuwa mtupu. Kikwembe changu cha kukubebea hakikuwapo ukutani.

Nilimkuta mlinzi kwenye lango.

“Ngave iko wapi?”

“Amepita hapa mbio na mutoto mugongoni,” alisema. “Nilizania weye ulimutuma.”

“Ameenda wapi?”

Akanyoosha mkono chini, upande wa mto Shari. Huko bondeni kulikuwa na moshi. Wachungaji walikuwa wanachoma majani makavu kama wanavyofanya kila kiangazi ili mapya yaote, na upepo ulikuwa unasukuma moto kuelekea mtoni.

Kavira, tangu siku ile nimepata hofu nyingi. Nimemzika baba yako. Nimelala hospitalini na dada yako alipokuwa na homa ya uti wa mgongo. Hakuna iliyofanana na ile. Nilikimbia, na kichwani mlikuwa na maneno ya kaka yake tu: alifika bila mutoto, alifika bila mutoto. Sikujua alimwachaje yule wa kwanza. Hakuna aliyejua.

Watu waliponiona nakimbia na kulia wakauliza, nami nikasema mwanamke mgonjwa amechukua mtoto wangu. Nilikosea kusema hivyo. Mara wanaume wakawa nyuma yangu na fimbo mikononi, wengine wakiita “mwizi wa mutoto!” Nikaanza kuogopa na hilo pia, kwamba watampata kabla yangu. Niliita jina lako, niliita jina lake, nilipiga kelele mpaka moshi na vumbi vikanikaba. Sauti ikakatika. Nikainama, nakohoa, sipati hata neno moja.

Ilikuwa hapo, nimeinama mikono kwenye magoti, nilipowaza kwa mara ya kwanza kama Ngave. Ngoma zinalia juu kule. Moto unakuja. Wanaume wana fimbo. Mwanamke anapiga mayowe. Kama ningekuwa yeye, nimejificha na mtoto, ningefanya nini? Ningemziba mtoto mdomo asilie.

Nikainuka.

Sauti iliporudi kidogo, niliwaambia wanaume waache kukimbia, wakae chini, wanyamaze. Mmoja alikuwa mchungaji mwenyewe, kijana mwenye kofia ya majani. Akaniambia, “Mama, moto inakuja. Hapana kukaa hapa.”

“Nawaomba,” nikasema. “Kidogo tu.”

Walikaa, sijui kwa nini walinisikia. Nami nikakaa ukingoni, penye matete, nikajaribu kutuliza pumzi. Haikutulia. Sista Agata alikuwa amenifundisha kwamba mgonjwa husikia pumzi yako kabla ya wimbo wako, na ukiingia na hofu unamwambia kuna hatari. Nilijua hivyo na sikuweza kufanya lolote. Moto ulikuwa unasikika sasa, unavunja majani. Nikaimba vile vile, na ile sauti mbovu, iliyokwaruza kama ya mzee.

“Ngave?”

Kimya.

“Ngave?”

Kimya. Nikaita, “Kavira?”

Na kutoka ndani ya matete, chini kabisa, karibu nami kuliko nilivyodhani, ikatoka sauti yako ndogo, wala haikuwa na hofu.

“Iko apa!”

Yule mchungaji akaruka kusimama. Nikamshika mguu wa suruali, nikamvuta chini. Nikaita tena, “Ngave?” Weye ukamjibia, kama tulivyokuwa tunamjibia kila asubuhi. “Iko apa!”

Kisha ikaja sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia, nene, yenye kutu.

“Wamesha pita?”

Sikuelewa mara moja. Nilitazama moto, nikatazama wanaume, nikasikia ngoma za animasyo kule juu zinaendelea. Halafu nikaelewa anauliza wale aliowakimbia wakati wa vita.

“Wamesha pita, mama,” nikasema. “Wote wamesha pita.”

Alitoka akitambaa. Alikuwa ameketi majini mpaka kiunoni, nawe umekaa kifuani mwake, umefunikwa kichwa kwa kikwembe alichokilowesha ili moshi usikufikie. Nyayo zake zilikuwa zimeungua kwa kukanyaga majivu ya moto. Weye hukuwa hata na mkwaruzo. Mdomo wako haukuzibwa. Alikutazama usoni, akakukagua vidole, kisha akakunyoosha kwangu. Wanaume waliweka fimbo chini, yule mchungaji akatuonyesha mahali pa kuvukia, tukapita ng'ambo moto ukiwa nyuma yetu.

Ungetaka niishie hapo. Hata mimi ningetaka.

Jioni hiyo baba yako alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Akasema, “Kesho hurudi pale.” Nikakubali kwa furaha, hata sikumwacha amalize. Nilikaa nyumbani. Mchana wote nilikubeba, hata ukiwa unataka kushuka. Usiku nilikuwa naweka mkono kifuani mwako nihesabu pumzi. Kiangazi kiliendelea, na nilijiambia kwamba nimeacha kwa ajili yako, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kabla, moyoni, kwa sababu ya joto na chumba kitupu. Nilikuwa nimepata tu sababu ambayo hakuna mtu angeweza kunilaumu.

Siku moja alikuja Sista Agata. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya kukataa. Hakuniomba kitu. Alikunywa maji, akakusalimia, akasema, “Ngave anasema sasa.”

“Anasema nini?”

“Neno lile tu. Ngoma zikianza anasimama na kuuliza kila mtu, ‘Wamesha pita?’ Wauguzi wanamwuliza ni nani. Wagonjwa wengine wanacheka. Mimi namjibu ndiyo, lakini ananitazama hivi, haniamini. Anaendelea kuuliza mpaka achoke.”

Akashukuru kwa maji, akaenda zake. Nilimkasirikia sana. Nilioga, nikapika, nikalala na hasira.

Kesho yake nilikuwa naosha sahani, ngoma zikaanza, mbali, upepo ukizileta na kuzipeleka. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Nilijua kwamba saa ile ile amesimama. Nilijua anachouliza, na nilijua jibu, na katika Bunia nzima hakuna mwingine aliyelijua kwa namna ambayo angeamini. Nikakuacha kwa jirani, nikaenda. Sikuvua hata nguo ya jikoni.

Ngave alisimama katikati ya chumba. Aliponiona akatazama kwanza mgongo wangu, na ulipokuwa mtupu uso wake ukabadilika, nikaogopa kuliko nilivyoogopa moto.

“Mutoto iko?” akauliza.

“Iko kwa jirani. Iko muzima.”

“Wamesha pita?”

“Wamesha pita.”

Akaketi.

Ndiyo hiyo, Kavira. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Watu wanafikiri kazi hii inafanywa na mtu mwenye furaha nyingi, anayoigawa kama mkate. Mimi nilikwenda nikiogopa, nikarudi nikiogopa, na kesho yake nikaenda tena kwa sababu ngoma zingepigwa tena. Baba yako hakusema nami siku kadhaa. Mwishowe alisema, “Uende, lakini mutoto anabaki.” Hakuwa mtu mbaya, naye aliogopa. Mvua zilipoanza, ni yeye mwenyewe aliyekuleta siku moja. Alisimama mlangoni amekubeba, makasi ya kazi yamejaza mfuko, akakataa kukaa. Ngave hakuomba kukushika. Aliita tu, kwa ule wimbo, “Kavira?” Nawe ukajibu. Baba yako akatoka nje, akakaa huko muda mrefu, ametugeuzia mgongo.

Na kile kiangazi, zile siku ambazo ngoma hazikupigwa na hakuna mtu aliyeuliza kitu? Hizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Ngave analala, chumba kinawaka kama tanuri. Nilikuwa naimba wimbo wa majina peke yangu, naita wote wasiokuja, na ninawajibia mwenyewe. Niliona haya. Niliimba kwa sauti ndogo nisisikike. Kulikuwa na mzee mmoja wa Irumu ambaye alishinda nje kwenye kivuli cha stoo, uso ameufunika kofia, hakuingia chumbani hata mara moja mwezi mzima. Asubuhi moja nilichelewa. Mpishi akaja kuniambia, “Ule muzee iko nauliza sababu gani leo hamukumuita.” Basi nikaimba kwa nguvu zaidi. Sikujua anasikia. Weye pia, kiangazi kilichopita, ulisema uliimbia ukuta. Sijui nani alikuwa nyuma ya ukuta, na siwezi kukuahidi kwamba alikuwapo mtu. Siku nyingine hakuna.

Ngave hakupona kabisa. Kaka yake alikuja kumchukua, wakarudi kwao, na miaka mingi alikuwa akija sokoni hapa kuuza maharage. Ngoma za animasyo zikipita anashika ukingo wa meza yake na kuuliza. Mama anayeuza chumvi kando yake alijifunza kumjibu. Nilimsikia mara moja, anapima chumvi ya mteja na wala hageuki: “Wamesha pita, dada.” Halafu nikawa simwoni tena, na kaka yake akaniambia malaria imemchukua. Nilitaka nikupeleke kwake siku moja akuone ulivyokua. Nilingoja, na nilingoja sana.

Sijui wale wanaume wa Mongbwalu watakuuliza nini. Labda hawatauliza kitu mpaka mvua, na utakaa na likembe yako kwenye joto ukijiona mjinga. Labda watauliza na hutajua jibu. Yote mawili yananitisha. Ukiona huwezi, rudi nyumbani, sitakuuliza sababu mbele ya watu. Ukiona unaweza kidogo tu, kaa hicho kidogo.

Na kuna jambo la leo. Asubuhi, ulipokuwa unafunga nguo, nilisema nakwenda kununua sabuni. Nilikwenda kwa Papa Kambale, dereva wa lori litakalokuchukua kesho. Nilikuwa nimepanga kumwambia aseme gari limejaa, aondoke bila weye, nami ningekuambia ni bahati mbaya, tungengoja mpaka kiangazi kiishe, na labda hadi hapo nafasi ingekuwa imepewa mtu mwingine. Nilitembea njia yote nikiyapanga maneno hayo.

Nilimkuta juu ya lori. Alikuwa ameiweka mbele ngoma yako, ile unayokwenda nayo kazini, karibu na kichwa cha gari, ameifunika kwa gunia lililolowekwa maji ili jua lisiikaushe, na alikuwa anatafuta kamba.

“Ya binti yako,” akasema. “Aliniomba niiangalie. Ulitaka nini, mama?”

Nikamwambia aifunge vizuri.

Mama yako